Navuta Nikiwa Kwenye Pombe Tu

Ukikaa kijiweni na vijana wa Urambo, Kaliua, Sikonge au hapa Tabora mjini, hutamaliza saa moja bila kuisikia kauli hii: "Mimi si mvutaji bwana, navuta nikiwa kwenye pombe tu." Anayeisema mara nyingi hajafika hata miaka 22, anaisema kwa utulivu, na wala hadanganyi. Kweli kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi hagusi fegi. Ila anahesabu siku asizovuta, wakati alichopaswa kuhesabu ni mara ngapi pombe na sigara vimeingia mwilini kwa mkao mmoja.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya kushtukia, kuliko sigara ya kwanza iliyovutwa nyuma ya choo cha shule, na kuliko kikombe cha kwanza cha wanzuki, pombe yetu ya asali, kwenye harusi ya ndugu. Wengi hujaribu kimoja wakaachana nacho. Aliyekwisha kuvifunga viwili pamoja ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu kila akigusa kimoja, kingine kinaitwa.

Basi tuanze na mwili, kwa kuwa ukielewa kinachotokea humo, mengine yote ya makala haya yataeleweka yenyewe.

Ndani ya mwili

Moshi ukishavutwa hadi kifuani, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Pombe ni mzito wa mwendo. Huchukua kama nusu saa hadi saa moja na nusu kufikia kiwango chake cha juu kwenye damu, ikitegemea tumbo lina chakula au halina. Vyote viwili huishia kuamsha sehemu ileile ya ubongo inayotoa dopamini, ile kemikali inayomwambia mtu "hiki ni kizuri, kirudie". Vikija pamoja, msukumo huwa mkubwa kuliko wa kimoja peke yake. Ndiyo maana kijana anakuambia sigara haina ladha mpaka awe na bia. Hakosei, ubongo wake umeshafundishwa hivyo.

Jambo la pili ni ule usingizi. Pombe inalegeza na kusinziza, nikotini inachangamsha. Kijana anapiga miayo kwenye chupa ya tatu, anatoka nje, anavuta, anarudi akiwa macho na anaagiza ya nne. Kilevi kwenye damu hakijapungua hata tone. Kilichoondoka ni kengele tu, ile dalili ya kusinzia ambayo ingempeleka nyumbani. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinafanya kosa hilohilo, na siku hizi vinachanganywa na pombe kali bila mtu kufikiria mara mbili.

La tatu linahusu tumbo. Nikotini huchelewesha tumbo kumwaga vilivyomo kwenda kwenye utumbo, na utumbo ndiko pombe inakonyonywa kwa kasi. Kwa hiyo anayevuta huku anakunywa huhisi pombe "haimpandi", anaongeza, kisha yote inamfikia baadaye akiwa njiani na pikipiki.

Kisha kuna koo. Mtu asiyezoea akivuta moshi, anakohoa. Kikohozi kile ni ulinzi, na wengi huishia hapo. Pombe inalegeza ulinzi huo, aibu nayo inapungua, kwa hiyo mtu anajifunza kuvuta hadi ndani usiku mmoja, jambo ambalo akiwa mkavu lingemchukua wiki kadhaa au lisingetokea kabisa.

La mwisho ni ini, na hili hata baadhi ya wahudumu hawalitaji. Nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu huondoka kwa takribani saa mbili. Kwa wanaokunywa sana na mara kwa mara, ini huzoea kuiondoa kwa kasi zaidi. Ikiondoka haraka, hamu inarudi haraka. Hivyo mlevi wa kila wikiendi anapopanda kuwa mlevi wa kila siku mbili, sigara zake huongezeka hata kama hakukusudia.

Yote hayo yanatokea kwenye ubongo ambao bado haujakomaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima madhara na kujizuia, humalizia kukua mtu akiwa na kama miaka 25. Kwa nikotini, dalili za kukosa uhuru wa kuacha, yaani kuitamani, kukereka, kushindwa kutulia, zinaweza kuonekana ndani ya wiki chache tangu kuanza, kabla kijana hajawa mvutaji wa kila siku. Kwa pombe, uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa tegemezi wa pombe mara nne zaidi ya walioanza wakiwa na miaka 21.

Kiasi gani ndicho "nyingi"

Shirika la Afya Duniani linahesabu unywaji wa kupindukia kuwa gramu 60 au zaidi za kilevi halisi kwa mkao mmoja. Gramu hizo huzioni kwenye chupa, lakini unaweza kuzikokotoa mwenyewe: chukua mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa karibu gramu 20. Bia tatu, umefika. Kichupa cha mililita 200 cha Konyagi, ambayo ni asilimia 35, kina gramu kama 55. Kichupa hicho kinaingia mfuko wa suruali, na kijana mwenye miaka 16 anakimaliza akisubiri muziki uanze. Kwa umri mdogo kiwango kinashuka. Wamarekani wanahesabu gramu 42 kwa msichana wa chini ya miaka 18, yaani bia mbili na ushee tu, zikinywewa ndani ya saa mbili.

Mwili nao una mwendo wake wa kuondoa pombe, takribani gramu 7 kwa saa kwa mtu wa kawaida, na hakuna kahawa, maji baridi wala supu ya kuongeza kasi hiyo. Aliyeanza saa nne usiku na kumaliza bia nne saa saba usiku, saa tatu asubuhi bado ana kilevi kwenye damu. Kama ni bodaboda, abiria wake wa kwanza wa siku amebebwa na mlevi aliyeoga.

Kwenye pombe za kienyeji hesabu inavurugika. Wanzuki inaendelea kuchacha ndani ya pipa. Ya leo asubuhi na ya kesho jioni si kitu kimoja ingawa kopo ni lilelile na bei ni ileile. Utamu wake unaficha ukali. Kangara nayo ni hivyohivyo. Gongo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ukali wake unategemea mpishi, na ile inayotoka mwanzo wa kupikwa, au iliyochanganywa na mtu asiye na huruma, inaweza kuwa na methanoli. Aliyekunywa methanoli anaweza kuonekana mzima usiku, kisha baada ya saa 12 hadi 24 macho yanaona ukungu, tumbo linauma, anahema kwa kasi. Huyo si wa kulala apone, ni wa kukimbizwa hospitali.

Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na kwa kweli vilipungua sana mikononi mwa wanafunzi. Lakini vichupa vidogo vimechukua nafasi yake, na sigara haijawahi kuacha kuuzwa moja moja kibandani. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Muuza kibanda anajua. Mzee anayemtuma mjukuu "kaniletee sigara mbili" na yeye anajua, na hapo ndipo mtoto anapozoea kuishika, mara nyingine hata kumwashia babu kwenye jiko la mkaa.

Kalenda ya tumbaku na kalenda ya chupa

Hapa Tabora mambo haya yana msimu wake. Nasema hivi kwa sababu semina nyingi za vijana hufanyika mwezi wowote tu, kana kwamba hatari ni ileile mwaka mzima.

Vitalu vya tumbaku ya mvuke huanza kuandaliwa kuanzia Agosti na Septemba, miche inahamishiwa shambani mvua zikianza Novemba na Desemba, uchumaji unashika kasi kuanzia Januari au Februari hadi Aprili. Halafu yanakuja masoko, na hela.

Katika uchumaji kuna mambo mawili. Kwanza, jani bichi lenye umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi. Mchumaji anapata kichefuchefu, anatapika, kichwa kinauma, kizunguzungu, jasho, na hali hiyo inaweza kudumu siku moja au mbili. Ni sumu ya nikotini, tena kwa mtu ambaye huenda hajavuta hata mara moja. Sasa mchanganye na kijana aliyekunywa jana yake usiku. Asubuhi anatapika, anadhani ni uchovu wa pombe ya jana, anakwenda kuzimua na glasi moja. Kumbe nusu ya ugonjwa ni jani. Amelitibu kwa pombe, maji ya mwili yamezidi kupungua, na amejifunza kunywa asubuhi. Hatua hiyo ya kunywa asubuhi kwa kawaida huja baada ya miaka mingi ya ulevi, na hapa inaweza kuja ndani ya msimu mmoja.

Watafiti waliochunguza wachumaji wa North Carolina waligundua pia kwamba wanaotumia tumbaku huugua ugonjwa huu wa jani kidogo kuliko wasiotumia. Vijana hawahitaji utafiti kuliona hilo. Wanawaona wavutaji wakichuma bila kutapika, wanahitimisha kwamba sigara ni kinga. Si kinga. Mwili wa mvutaji umezoea sumu ileile, basi. Kinga halisi ni kusubiri umande ukauke, kuvaa glavu na mikono mirefu, kujifunika plastiki jani likiwa bichi la mvua, kubadili nguo zikilowa, kunawa kwa sabuni kabla ya kula. Na mtoto asichume kabisa.

Pili, bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Kukausha tumbaku ya mvuke huchukua kama siku 5 hadi 7 za moto usiozimika. Mwanzoni joto la nyuzi 35 hadi 40 ili jani lipate rangi, kisha linapandishwa taratibu hadi kupita 70 ili kikonyo kikauke. Joto likishuka ghafla au likiruka, daraja la jani linaharibika na hela ya mwaka mzima inapungua. Kwa hiyo lazima mtu akeshe, na anayekesha ni kijana, mbali na nyumba, na wenzake wawili watatu. Wana baridi ya usiku, usingizi, moto wa kuwashia, jani la bure la kusokota kwenye karatasi ya gazeti, na dumu la lita tano ambalo hakuna mzee anayeuliza limetoka wapi. Ukitaka kubuni mahali pa kumfundisha mtu kuvuta na kunywa kwa pamoja, huwezi kupata pazuri kuliko hapo. Mlevi naye hupitiwa na usingizi akiwa na sigara mkononi, ndani ya bani lenye majani makavu na paa la nyasi.

Kwa wanafunzi hakuna bani, kuna geto. Shule ya kata iko mbali, mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule, anampa unga, mafuta na hela kidogo ya wiki. Vyumba vitatu vya wanafunzi vikikaribiana na kilabu, hatua inayofuata haihitaji mganga kuitabiri. Wazazi wa pale karibu wangeweza kulipwa kidogo kuwalaza na kuwalisha watoto hao, na mahali ilipofanyika hivyo gharama haizidi sana kodi ya geto.

Kujua, na kuuliza

Dalili nitazipitia upesi kwa sababu nyingi ni za kukisia. Kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa mtu asiyepika. Pipi za minti na bigijii zisizoisha. Tundu dogo la moto kwenye shati la disko. Kikohozi cha Jumapili asubuhi. Vidole vya njano huja vikiwa vimechelewa sana, usivisubiri.

Kuuliza kuna faida zaidi, mradi uulize vyote viwili kwa pamoja. Kosa kubwa la wazazi ni kuuliza kimoja. Baba anayevuta anakasirikia pombe peke yake, mama anayepika pombe anakasirikia sigara peke yake, na kijana anajua pa kupenya. Na si lazima aulize baba. Babu na bibi wana utani na wajukuu, mjomba na shangazi wana nafasi ambayo baba hana. "Mjukuu wangu, hebu niambie, mara ya mwisho mlipokaa ulikunywa ngapi?" linajibiwa. "Wewe mshenzi unakunywa?" halijibiwi.

Muulize alikunywa ngapi na za ukubwa gani. Muulize siku hiyo alivuta ngapi, na ya kwanza aliivuta kabla au baada ya chupa ya pili. Kisha muulize swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: kuna siku ulivuta bila kunywa? Akisema ndiyo, ile kauli ya "kwenye pombe tu" imekwisha kazi yake. Ulevi ulimfikisha kwenye nikotini na sasa nikotini inasimama kwa miguu yake. Endelea: akiamka inachukua muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Chini ya nusu saa ni utegemezi wa kweli. Kuna usiku ambao hakumbuki alirudije? Hiyo ni ishara kwamba kilevi kilipanda hadi ubongo ukaacha kuandika, si jambo la kuchekea kijiweni. Na je, mikono inatetemeka asubuhi mpaka apate kidogo? Jibu la hili la mwisho ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Kuacha

Mikono ikitetemeka asubuhi, asiache ghafla peke yake nyumbani. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku kwa wingi huanza kutetemeka na kutoka jasho kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa pamoja na kuona vitu visivyokuwepo kati ya siku ya pili na ya nne. Kunaweza kuua. Huyo apelekwe hospitali, kwa hapa mjini Kitete, kwa walio upande wa Igunga Nkinga, aeleze ukweli wa kiasi anachokunywa. Atapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1, ambayo walevi wengi huishiwa nayo. Wenye matatizo makubwa zaidi ya akili hupelekwa Mirembe, Dodoma. Wazazi wengi huogopa jina hilo, lakini degedege usiku kijijini ni baya kuliko jina.

Vijana wengi hawajafika huko. Kwao ushauri ninaousikia sana ni "acha pombe kwanza, sigara baadaye, usijitese na vyote". Unasikika wa busara na hauna msingi. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliokusanya majaribio mengi kwa watu waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu ulionyesha kwamba waliosaidiwa kuacha sigara wakati huohuo walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kukaa bila pombe na dawa za kulevya kwa muda mrefu. Na ukiuelewa ule mfungamano wa mwanzo hushangai: akibakiza sigara, kila moja anayowasha inaukumbusha ubongo chupa.

Achague tarehe, na tarehe hiyo isiangukie wiki ya malipo wala zamu ya bani. Wiki nne asikae mahali panapouzwa pombe hata kama anakunywa soda, kwa sababu meza, muziki na moshi wa jirani vinatosha kuamsha hamu. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kwa nikotini: hasira, njaa, usingizi mbaya. Baada ya wiki mbili hadi nne mengi yanakuwa yametulia. Hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache tu, kwa hiyo anahitaji kitu cha kuzipitisha: karanga, matoborwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), maji, kutembea hadi kisimani na kurudi. Apunguze kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, maana moshi wa sigara ulikuwa unalifanya ini liondoe kafeini haraka. Akiacha kuvuta, kikombe kilekile kinamkesha usiku na yeye anadhani ni uraibu unamtesa. Bigijii za nikotini za miligramu 2 au 4 na viraka vya ngozini vinasaidia sana vikipatikana, ila kwa aliye chini ya miaka 18 amuone kwanza mhudumu wa afya.

Kinachoharibu mipango hii nimeshakiona katika sura tatu. Kuhamia kwenye ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), ambako nikotini ni ileile, njia ndiyo imebadilika. Kuhamia bia "nyepesi" ukabaki meza ileile na watu walewale. Na kuteleza mara moja kisha kusema "basi nimeshashindwa". Aliyeteleza Jumamosi atafute kilichomtelezesha, mara nyingi ni mtu fulani au saa fulani, abadilishe hicho, aendelee Jumapili.

Kijana wa miaka 19 hatishiki na saratani ya uzeeni, kwa hiyo mimi humtajia kifua kikuu kwanza. Anayevuta ana hatari ya kukipata mara mbili hivi ya asiyevuta. Anayekunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, yaani bia mbili, mara tatu hivi. Na akishakipata, dawa zake zinapita kwenye ini lilelile linalopambana na pombe, anaanza kuruka vidonge, ugonjwa unakuwa sugu. Saratani ya koo na kinywa iko palepale lakini. Pombe hulainisha ukuta wa kinywa ukaruhusu sumu za moshi kupenya, na yenyewe hugeuka kuwa asetaldihaidi, ambayo huharibu vinasaba. Katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1988, waliovuta sana na kunywa sana walikuwa na hatari zaidi ya mara 35 ya wasiotumia chochote. Huwezi kuipata namba hiyo kwa kujumlisha hatari ya kimoja na ya kingine, hatari zinazidishana. Na ukanda huu wa Afrika Mashariki una saratani nyingi ya umio tayari, hauhitaji kuongezewa.

Usiku mwenzako akizima

Msimwache "alale pombe imtoke". Mwite kwa nguvu, mfinye sikio. Asipoamka, au akipumua chini ya mara nane kwa dakika, au kukiwa na kimya cha sekunde kumi kati ya pumzi moja na nyingine, au midomo imekuwa ya bluu na ngozi baridi, tafuteni bajaji au gari mara moja. Wakati mnasubiri, mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa mbele, kichwa kimeelemea nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje. Msimmwagie maji, msimpe maziwa wala kahawa, msimtapishe kwa kidole. Pombe nyingi kwa kijana aliyekuwa na njaa hushusha sukari ya damu. Chai ya sukari ni ya aliye macho na anayemeza mwenyewe tu. Chukueni chupa aliyokuwa anakunywa mwende nayo. Kama alitafuna au kumeza tumbaku, semeni pia. Na sigara zote zizimwe karibu na godoro.

Kwa wenye mabani

Nimebakiza maneno ya mkulima. Kibarua wa miezi mitano anayelipwa yote siku moja ya soko hufika mjini na hela ya mwaka mzima na kiu ya mwaka mzima. Mlipe kwa awamu, sehemu kwenye simu, sehemu mkononi, na familia yake ijue kiasi. Ujira usilipwe kwa dumu wala kwa pakiti. Zamu ya bani iwe ya watu wawili, mmoja mtu mzima, na wabadilishane saa saba usiku badala ya kijana mmoja kukesha hadi asubuhi. Peleka uji na chai jioni, wekeni taa. Asiwepo mtu wa chini ya miaka 18. Halafu pita mwenyewe saa tisa usiku kusoma kipimajoto. Utaokoa jani, na hakuna atakayeleta dumu mahali ambapo mwenye shamba anaweza kutokea wakati wowote.